Lugha Ilikufa, Mto Ukabaki na Jina

Hebu tufanye jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Uko kwenye matatu? Usijali, jirani yako atadhani unaongea na simu. Sema "sru". Sasa irudie haraka haraka mara kumi: sru, sru, sru, sru...

Umesikia? Ulimi ukikimbia kutoka "s" kwenda "r" unagusa nyuma ya meno kidogo tu, na hapo katikati inachomoza "t" ambayo hukuialika. Ukifika mara ya kumi huenda tayari unasema "stru". Na kama wewe umesema "siru", pia uko sawa. Nitakuambia kwa nini.

Hiyo "t" iliyojileta yenyewe ndiyo habari yangu ya leo. Kuna watu waliokuwa taifa kubwa Ulaya, leo hakuna hata mtoto mmoja anayezungumza lugha yao. Hawakutuachia kitabu wala kamusi. Lakini "t" yao bado iko hai, na ukienda Bulgaria leo utaikuta kwenye ramani.

Acha nikiri mapema: mimi si profesa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na kozi yenyewe haikuwa hata ya lugha. Haya mambo nimeyajulia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku, bando likiwa karibu kuisha. Na yalianza kwa aibu. Nilikuwa nimeweka timu moja ya Bulgaria kwenye mkeka. Timu ikapigwa, mkeka ukachanika, nami kwa hasira nikafungua ramani nione hiyo nchi iliyokula pesa yangu iko wapi. Jicho likaangukia mto unaoitwa Struma. Nikauliza, hili jina linamaanisha nini? Nikalala saa tisa usiku.

Taifa kubwa lisilo na maneno

Mto Struma unaanzia mlima Vitosha, karibu na jiji la Sofia, unateremka kusini kupitia Bulgaria, unavuka mpaka na kuingia Ugiriki, halafu unamwaga maji yake Bahari ya Aegean. Wagiriki wa kale waliuita Strymon. Kandokando yake waliishi Wathrakia.

Wathrakia unawajua hata kama hujawahi kusikia jina lao. Spartacus, yule mtumwa aliyeongoza wenzake kuwatoa Warumi jasho kuanzia mwaka 73 KK, alikuwa Mthrakia. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, alisema Wathrakia ndio taifa kubwa zaidi duniani baada ya Wahindi, na kwamba kama wangekuwa chini ya mtawala mmoja, hakuna ambaye angewaweza.

Sasa sikia haya. Taifa hilo lote, na maandishi ya lugha yake unaweza kuyahesabu kwa vidole. Moja ni pete ya dhahabu iliyochimbuliwa mwaka 1912 katika kijiji cha Ezerovo, Bulgaria. Imechorwa herufi 61 za Kigiriki, zimefuatana bila nafasi kati ya neno na neno. Herufi zinasomeka vizuri. Maneno hayaeleweki. Kwa zaidi ya miaka 100 wasomi wameyakata hivi na vile, kila mmoja ana tafsiri yake, na hakuna iliyokubalika na wote.

Majirani zao hali ni ile ile. Wadakia, waliokaa kaskazini ya Danube, na Wailiria, waliokaa magharibi kuelekea Bahari ya Adria, nao lugha zao zilimezwa. Zilimezwa na Kigiriki, zikamezwa na Kilatini, kisha Waslavi wakaja kufunga kazi.

Basi mtu atajuaje lugha kama hiyo ilisikikaje? Kwa majina. Majina ya watu, majina ya miji, na zaidi ya yote, majina ya mito. Kwa mfano, Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, alieleza kwamba kwa Kithrakia "bria" ni mji. Ndiyo maana bandari moja ya Bahari Nyeusi iliitwa Mesembria. Bandari hiyo bado ipo, watalii wanajaa kila mwaka, ila vinywa vimeisaga hadi ikawa Nesebar.

Mato na macho

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani maneno hubadilika ovyo, kila mtu na lake, kwa hiyo kufuatilia asili ya jina ni kubahatisha tu. La hasha. Sauti zina nidhamu kuliko wanasiasa.

Unataka ushahidi? Nenda Mombasa. Mzee wa Kimvita hasemi macho, anasema "mato". Hasemi mchele, anasema "mtele". Kucheka kwake ni "kuteka", mchuzi ni "mtuzi", nchi ni "nti". Umeona? Hilo si kosa la mtu mmoja, ni kanuni. Kwenye fungu hilo la maneno, palipo na "ch" katika Kiswahili sanifu pana "t" huko. Ukishaikamata kanuni, ukikutana na neno geni unaweza kukisia mwenzake bila kufungua kamusi.

Wanaisimu hufanya kazi hiyo hiyo na lugha zilizokufa. Wanachukua lugha nyingi za ukoo mmoja, wanaziweka pamoja, wanatafuta kanuni, halafu wanarudi nyuma hadi kwenye neno la babu yao wote. Neno hilo la babu huwekewa kinyota mbele, ishara kwamba limekisiwa kwa hesabu, halikukutwa limeandikwa popote.

Katika ukoo mkubwa wa lugha za Kihindi-Kiulaya kuna mzizi mmoja wa kinyota unaotuhusu leo: *sreu, wenye maana ya kutiririka. Angalia watoto wake walivyotawanyika. Kisanskriti cha India ya kale kinasema "sravati", inatiririka. Kilithuania, hadi leo, mkondo wa maji ni "srovė". Hao wawili waliivumilia "sr" kama ilivyo. Wajerumani wakachoka, ulimi ukateleza, "t" ikaingia: "Strom", mto mkubwa, neno wanalotumia pia kwa umeme. Waingereza vilevile: "stream".

Wagiriki walitatua shida kwa njia nyingine. Waliitupa "s" nje, ikabaki "rheo", natiririka. Kutoka hapo likatoka lile neno la Kiingereza ambalo daktari huandika kwenye kadi yako ukiwa unaendesha tumbo. Ndiyo, kuharisha kwa Kigiriki ni "kutiririka kupitia". Usicheke, ni sayansi.

Na sisi? Kiswahili hakipendi konsonanti kubanana bila irabu, kwa hiyo tunapachika irabu katikati. "Club" ikawa kilabu, "blue" ikawa buluu, na wengi wetu husema Siri Lanka. Ndiyo maana huenda ulisema "siru" pale mwanzo. Shida ni moja, vinywa ni tofauti, na kila kinywa kina dawa yake.

Nani alitia ile "t"?

Sasa turudi mtoni tukafanye kazi ya upelelezi. Jina Strymon lina "str" mbele, na wanaisimu wanalirudisha kwenye mzizi ule ule wa kutiririka. Kwa hiyo maana yake ni ya kawaida kabisa: mkondo, kitu kinachotiririka. Swali ni hili: nani aliutia "t"?

Mshukiwa wa kwanza ni Mgiriki, maana yeye ndiye aliyeliandika. Lakini tumeshaona Mgiriki hatii "t", anatupa "s". Kama jina lingekuwa lake, lingeanza kwa "rh". Mwachilie.

Mshukiwa wa pili ni Mslavi. Huyu anatia "t" kweli: Mpoland akitaka kusema kijito anasema "strumień". Na leo ndiye anayekaa pale na kusema Struma. Lakini Waslavi waliingia Balkani kuanzia karne ya 6 BK. Mshairi Mgiriki Hesiod, karibu mwaka 700 KK, alipotaja mito mikubwa ya dunia katika shairi lake la asili ya miungu, Strymon ilikuwemo. Tofauti ni zaidi ya miaka 1,200. Mslavi ana alibi safi, hakuwa kwenye eneo la tukio.

Anayebaki ni Mthrakia mwenyewe. Yeye ndiye ulimi wake uliteleza kama wako ulivyoteleza dakika chache zilizopita. Hatuna sauti yake, hatuna shairi lake. Lakini tunajua kwamba akikutana na "s" na "r", alifanya hivi. Manze, mimi niliposoma hapo nilisisimka. Mtu aliyekufa zamani hivyo, na unajua ulimi wake uligusa wapi.

Mto mmoja, majina mawili

Hesiod alitaja pia mto Istros. Huo unaujua kwa jina jingine: Danube. Una urefu wa kilomita 2,850 hivi na unapita au kugusa nchi 10, kutoka Ujerumani hadi Ukraine. Strabo aliandika kwamba sehemu ya juu, hadi kwenye maporomoko, iliitwa Danuvius, na ile ya chini hadi Bahari Nyeusi, kwenye nchi ya Wageti, iliitwa Istros.

Danuvius inatokana na neno la kale sana la mto. Watu wa Ossetia, kwenye milima ya Kaukasia, bado husema "don" wakimaanisha maji au mto. Mto Don wa Urusi ndio huo huo, na Dnieper na Dniester zimebeba neno hilo mbele. Kwa hiyo ukisema "Mto Don", unasema "Mto Mto".

Istros nayo, wanaisimu wengi huihusisha na mzizi wenye maana ya kasi na nguvu, mzizi wanaouona pia kwenye mto Isar unaopita jijini Munich. Isar haina "t". Istros inayo. Unaikumbuka ile kanuni? "Sr" ikifika Thrakia inatoka "str". Mito miwili, kosa moja la ulimi. Ndiyo maana nikasema hii si bahati nasibu.

Usidhani majina mawili kwa mto mmoja ni kioja cha Wazungu. Mto unaopita chini ya kwa nyanya yangu, Kisii, unaitwa Gucha. Ufuate kuelekea Ziwa Victoria, ufike kwa Wajaluo, unakuwa Kuja. Maji ni yale yale. "G" imekuwa "k", "ch" imekuwa "j", na mvuvi wa kule chini hajui kama kuna mtu huko juu anaita tofauti. Mwanajiografia akifika miaka 2,000 ijayo, atapata kazi.

Kwa nini mto haubadilishwi jina

Miji hubadilishwa majina kila mfalme mpya akija. Mito mikubwa mara nyingi huponyoka. Kwa nini?

Fikiria wewe ni mgeni. Umetoka mbali na ng'ombe na watoto, umefika ukingoni, maji yamejaa. Kitu cha kwanza unachohitaji ni mwenyeji akuonyeshe pa kuvukia. Unamuuliza: huu ni mto gani? Anakuambia. Unarudia jina vile kinywa chako kinavyoweza. Ukiwa na bahati unavuka, na jina linavuka nawe.

Wakati mwingine unalisikia vibaya. Herodotus anataja mto ambao Waskithi waliuita Porata, na Wagiriki Pyretos. Kwa Kigiriki, "pyretos" ni homa! Mgiriki alisikia neno geni, akalikunja hadi likafanana na neno la kwao, hata kama lilimaanisha ugonjwa. Leo mto huo ni Prut, mpaka wa Romania na Moldova. Irabu za Porata zimepukutika njiani, lakini p, r na t ziko mahali pake, kwa mpangilio ule ule. Homa ya Wagiriki ilipona.

Irabu moja inaweza kuwasha moto

Mpaka hapa unaweza kusema, poa, ni hadithi tamu, lakini inamsaidia nani? Buda, kule Balkani herufi moja inaweza kuvunja urafiki.

Chukua mto Olt wa Romania. Warumi waliuita Alutus. Mfalme Trajan aliiteka Dakia mwaka 106 BK, na Waromania wengi hujiona kizazi cha Wadakia na Warumi waliokaa hapo bila kuondoka. Jimbo la Transylvania, ambako Olt unaanzia, lilikuwa chini ya taji la Hungaria hadi mwisho wa Vita Kuu vya Kwanza, na mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ukalithibitisha kuwa la Romania. Tangu hapo, na hata kabla, swali la nani alitangulia limekuwa kidonda.

Sasa tazama kanuni zinasemaje. Katika Kiromania, "l" ya Kilatini iliyokuwa kati ya irabu mbili ikawa "r": "sal", yaani chumvi, sasa ni "sare". Kwa kanuni hiyo, Alutus lingepita kinywani mwa Waromania moja kwa moja, tungetarajia kitu kama "Arut". Lakini ni Olt. Na kugeuza "a" fupi kuwa "o" ni tabia ya Waslavi. Kwa hiyo jina lilipitia kwa Mslavi kabla halijafika tulipo.

Upande mmoja ukaruka: mnaona, hamkuwepo! Upande wa pili ukajibu: tulikuwepo, tuliishi na Waslavi bega kwa bega, tukachukua jina kwa matamshi yao. Vitabu vimeandikwa, sauti zimepandishwa, yote juu ya irabu moja.

Ukienda Serbia kuna jiji la Niš, mahali alipozaliwa Mfalme Konstantino Mkuu, wakati huo likiitwa Naissus. Hiyo "sh" ya mwisho imewafanya wanaisimu kadhaa waseme jina lilipitia kwanza kwenye lugha iliyo jamaa ya Kialbania cha kale, maana Kialbania ndicho chenye tabia ya kugeuza "s" kuwa "sh": Scodra ya kale sasa ni Shkodër. Wengine wanapinga. Na katika eneo ambalo vita vya miaka ya 1990 bado havijasahaulika, mtu anaweza kuichukua hiyo "sh" akaitumia kama hatimiliki ya shamba.

Hapo ndipo mimi nasema tusimame. Nimesoma kanuni hizi usiku mwingi, na hakuna hata moja inayosema ardhi ni ya nani. Zinachosema ni kwamba fulani alimuuliza fulani, na fulani akajibu. Olt inatuambia kulikuwa na mtu wa kale aliyesema Alutus, kulikuwa na Mslavi aliyemsikiliza, na kulikuwa na mtu wa tatu aliyemsikiliza Mslavi. Struma inatuambia Mthrakia alimfundisha Mgiriki, na kwamba alipokuja Mslavi bado alikuwepo mtu wa kumwambia. Kama mgeni angemfukuza au kumuua kila mwenyeji siku ya kwanza, nani angemtajia jina la mto? Jina la kale kwenye ramani ni ushahidi kwamba watu walikutana na, angalau kwa siku moja ukingoni, wakaongea.

Sisi ambao tumeona watu wakiambiwa "rudini kwenu" kwa sababu ya jina la kijiji, tunaelewa uzito wa jambo hili bila kupelekwa Balkani.

Nami nina sababu yangu. Jiji ninaloishi linaitwa Nairobi, kutoka kwa Kimaasai "enkare nairobi", maji baridi. Neno la maji limedondoka, limebaki la baridi. Mamilioni tunalitaja kila siku na wengi wetu hatujui Kimaasai hata salamu. Kimaasai kina wenyewe, kiko hai, ahsante Mungu. Lakini nyumbani kwetu lugha imeanza kukatika. Nyanya alifariki nikiwa bado chuoni. Ekegusii ninachokijua mimi ni salamu, majina ya vyakula, matusi mawili, na jina la mto ule. Nikipata watoto watakuwa na nini? Pengine Gucha peke yake. Watakuwa kama yule Mslavi, wanataja neno la watu ambao hawawezi tena kuongea nao.

Wiki iliyopita nilimpigia mama nikamuuliza Gucha maana yake nini. Akanyamaza kidogo, akasema hilo lilikuwa swali la nyanya, mimi nilikuwa wapi wakati huo wote? Akanipa namba ya dada yake mkubwa, aliyebaki kule nyumbani. Nimempigia mara tatu, mtandao unasumbua. Kesho ni Jumapili, nitampigia tena asubuhi kabla hajaenda kanisani.

Na wewe je, mto wa kwenu unaitwaje, na nani bado yupo wa kumuuliza?